WAJIBU WETU MTOTO ANAPODHULUMIWA KANISANI

Hotuba iliyotolewa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, nayo imechapishwa katika taarifa hii kwa agizo la Kamati Kuu



Kamati Kuu imenipa heshima ya kusema mbele yenu juu ya jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulitaja hadharani. Katika taarifa ya mwaka ya chama cha ustawi tumezoea kusoma habari za mazishi tuliyosaidia, karo tuliyolipa, na fedha zilizobaki katika benki. Mambo hayo ni mema. Lakini ustawi wa watu hauhesabiwi kwa fedha peke yake, na nyumba ambayo watoto wake wanaumizwa haiwezi kuitwa nyumba yenye ustawi, hata ikiwa na mali namna gani. Kwa hiyo nawauliza leo: ikiwa mtoto amedhulumiwa ndani ya kanisa, au na mtu aliyepewa heshima na kanisa, yatupasa sisi wazee na wanachama kufanya nini?

Jibu langu nitalitoa mapema, ili yeyote atakayesinzia kabla ya mwisho asilikose. Kazi yetu si kuamua kama mtu ana hatia au hana. Wala si kusuluhisha, wala kuficha. Kazi yetu ni kuona, kusikiliza, na kufikisha neno upesi kwa wale ambao sheria imewapa uwezo wa kuchunguza.

Mtu asidhani kwamba nimekuja kuyalaumu makanisa. Wengi wetu tulijifunza kusoma katika shule zilizojengwa na makanisa, na wengi tulizaliwa katika hospitali zake. Kwa sababu ya wema huo huo wazazi huyaamini makanisa kuliko wanavyoamini mahali pengine popote. Mama ambaye hakubali binti yake alale kwa jirani, humruhusu aende kwenye kesha, kwa kuwa ni kesha la kanisa. Huwapeleka wanawe katika shule ya Jumapili, katika kwaya, katika mafundisho ya kipaimara, na katika kambi za vijana wakati wa likizo, wala hamwulizi mtu nani atawalinda. Imani hii ni kitu kizuri. Lakini mwenye nia mbaya huitafuta, kama mwizi atafutavyo mlango usiofungwa. Sheria yetu ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 inalifahamu jambo hilo, kwani imeweka adhabu kwa mtu aliye katika nafasi ya kuaminiwa ambaye huitumia nafasi hiyo kumdhulumu aliye chini ya uangalizi wake.

Sasa naomba ruhusa yenu niwapeleke mbali kidogo, kisha turudi nyumbani. Huko Uingereza palikuwa na wakili mashuhuri, jina lake John Smyth, ambaye alikuwa pia kiongozi katika kambi za Kikristo za vijana wa shule. Mtu huyu aliwapiga vijana kwa bakora kikatili mno, akiwaambia kwamba mapigo yatawasaidia kushinda dhambi. Mwaka 1982 baadhi ya wakubwa wa kambi hizo walipata habari, na taarifa ikaandikwa. Taarifa hiyo haikupelekwa polisi, bali ilikaa mikononi mwa watu wachache waliotaka kulinda jina jema la kazi yao. Mwaka 1984 Smyth akahamia Zimbabwe, na huko akaanzisha kambi nyingine za vijana. Mwezi wa Desemba mwaka 1992 kijana mmoja wa miaka 16 alikutwa amekufa katika bwawa la kuogelea kambini. Smyth alishtakiwa juu ya kifo hicho, lakini kesi ikavunjika. Baadaye akaenda kukaa Afrika Kusini, akafa huko mwaka 2018 bila kuhukumiwa na mahakama yoyote.

Mwezi wa Novemba mwaka 2024 Kanisa la Uingereza lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa juu ya mambo hayo. Ilionekana kwamba watoto na vijana zaidi ya 100 waliumizwa, na walioumizwa katika Afrika walikuwa wengi kuliko wale wa Uingereza. Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, ambaye alikuwa ameelezwa habari hizo mwaka 2013, alitangaza mwezi huo huo kwamba anajiuzulu.

Bwana Mwenyekiti, wale walioificha taarifa ya 1982 hawakukusudia kuwaumiza watoto wa Afrika. Pengine walidhani wanalihifadhi kanisa. Lakini siri waliyoifunga kwao ilivuka bahari ikafunguka kwetu. Na jambo lililotendeka kati ya nchi na nchi laweza kutendeka kati ya lokesheni na lokesheni. Mwinjilisti akishukiwa mahali pamoja, huhamishwa kwa barua nzuri ya sifa, na watu wa mahali papya humpokea kwa vigelegele bila kujua lolote. Kumhamisha mtu wa namna hiyo si kumzuia. Ni kumpa watoto wengine.

Turudi nyumbani Kenya. Hakuna asiyekumbuka mwezi wa Aprili mwaka 2023, polisi walipoanza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilitolewa, na kati yake ilikuwamo ya watoto wengi. Walikuwa wafuasi wa mahubiri yaliyowataka watu wafunge hadi kufa, na jamaa zao. Kamati ya Seneti iliyochunguza msiba ule ilieleza mwaka huo huo kwamba dalili zilionekana mapema, lakini wenye mamlaka hawakuchukua hatua ipasavyo. Miaka mingi kabla ya makaburi yale kufukuliwa, ilijulikana kwamba mahubiri hayo yaliwakataza watoto kwenda shule. Hapa tunajifunza jambo la pili. Kutoa habari mara moja kisha kurudi kulala hakutoshi. Anayepeleka neno hana budi kuuliza tena, na tena, hata aone kwamba limeshughulikiwa.

Sasa, tutazijuaje dalili? Kwa mtoto, angalieni mabadiliko ya ghafula. Mtoto aliyependa kwenda kwaya sasa analia akiambiwa aende. Aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani ameanza tena. Hapati usingizi, masomo yake yameshuka, au ametoroka nyumbani. Anatembea au kukaa kwa maumivu. Ana fedha, nguo au simu ambayo hawezi kueleza ilikotoka. Anasema maneno ya mambo ya watu wazima ambayo umri wake haustahili kuyajua.

Kwa mtu mzima, mwangalieni yule anayetafuta sana kuwa peke yake na mtoto, anayempelekea ujumbe wa simu usiku, anayempa zawadi na kumwambia asimwambie mama. Mwangalieni anayejitolea kulipa karo kwa sharti kwamba mtoto akakae nyumbani kwake, na anayesema kwamba ameoteshwa juu ya binti fulani. Akiulizwa kwa adabu, hukasirika na kusema kwamba anayeuliza anapigana na Mungu.

Na kwa kusanyiko lenyewe, ogopeni mahali ambapo watoto wanazuiwa kwenda hospitali au shule, wanalazimishwa kufunga, wanapigwa kwa jina la kutolewa pepo, au ambapo mzazi hana ruhusa ya kuuliza neno.

Dalili moja peke yake si ushahidi. Mtoto aweza kukosa usingizi kwa sababu nyingi. Lakini dalili ni kama moshi: aonaye moshi juu ya paa la jirani hangoji kuuona moto ndipo apige kelele. Wala tusidhani kwamba hatari hii ni ya wasichana tu. Katika uchunguzi wa taifa uliofanywa mwaka 2019, vijana wa miaka 18 hadi 24 waliulizwa juu ya maisha yao ya utotoni. Karibu wasichana 16 katika kila 100, na wavulana zaidi ya 6 katika kila 100, walisema walidhulumiwa kwa njia ya ngono kabla ya kutimiza miaka 18. Watoto wenye ulemavu nao wasisahauliwe, maana wako ambao hawawezi kupiga kelele wala kueleza waliyotendewa.

Mtoto akija kwako na neno zito, kaa naye mahali palipo tulivu umsikilize. Usimkemee, usimpige, wala usimwambie, “Nyamaza, yule ni mtumishi wa Mungu.” Usimbane kwa maswali mengi, na usimtilie maneno kinywani. Usimwahidi kwamba utaitunza siri, kwa sababu ahadi hiyo huwezi kuitimiza; mwambie kwamba amefanya vyema kusema, kwamba kosa si lake, na kwamba utawaambia wale wawezao kumsaidia. Kisha andika maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na siku na saa. Usimwite mshukiwa waonane uso kwa uso, na usikusanye kamati imhoji mtoto upya. Kila anaporudiarudia habari zake mbele ya wakubwa, huumizwa mara nyingine, na ushahidi huharibika.

Ikiwa mtoto amenajisiwa, hospitali ndiyo ya kwanza. Afike upesi iwezekanavyo, na kabla ya kupita saa 72, maana dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi haifai kitu baada ya hapo. Asiogeshwe, na nguo alizovaa zisifuliwe. Zitiwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, zipelekwe pamoja naye. Katika kituo cha polisi jambo liandikwe katika kitabu cha OB, nanyi mwombe nambari yake na kuitunza. Kuna fomu ya P3 ambayo daktari huijaza kwa ajili ya mahakama. Vituo vingi vina dawati la jinsia, ambapo mama na mtoto wanaweza kusema kwa faragha. Afisa wa Watoto yupo katika kaunti ndogo, na asiyejua pa kuanzia na apige simu nambari 116, ambayo ni ya bure mchana na usiku. Chifu na naibu wake wanaweza kusaidia sana, lakini neno lisiishie kwao.

Na wakuu wa kanisa je? Nao waambiwe, lakini kuwaambia wao hakuchukui mahali pa kuwaambia polisi. Makanisa mengine yamejiwekea kanuni. Mwezi wa Mei mwaka 2019 Papa Francis aliamuru kwamba padre au mtawa apataye habari za dhuluma ya namna hii azifikishe kwa mkuu wa kanisa, na kwamba kila jimbo liwe na njia iliyo wazi ya kupokea habari hizo. Lakini yako makanisa ambayo mwanzilishi wake ndiye askofu, ndiye mweka hazina, ndiye mwamuzi. Mwanachama wa kanisa la namna hiyo hana ofisi ya juu ya kulalamikia, basi sheria ya nchi ndiyo ngao ya watoto wake.

Kitu kimoja ambacho kila kanisa laweza kukifanya siku ile ile ni kumwondoa anayeshukiwa katika kazi zote za watoto mpaka uchunguzi umalizike. Huko si kumhukumu. Hata katika chama chetu, hesabu zinapokaguliwa, mweka hazina huweka funguo mezani, wala hakuna anayemwita mwizi.

Waheshimiwa Wazee, sasa naja kwenu kwa heshima. Baraza la wazee ni hazina yetu. Limetupatanisha katika mipaka ya mashamba, katika mahari, na katika ugomvi wa ndugu, na Katiba ya mwaka 2010 yenyewe inazitambua njia za asili za kusuluhisha magomvi. Lakini kunajisiwa kwa mtoto si ugomvi kati ya baba wawili. Baba akipokea mbuzi watatu na fedha kidogo, mtoto amepokea nini? Na yule aliyetenda amejifunza nini, ila bei? Au msichana akiozwa kwa mtu aliyemharibu, ili aibu ifunikwe, je, si kumkabidhi kondoo kwa fisi?

Sheria ya mwaka 2006 imeweka kifungo kisichopungua miaka 20 kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 12 hadi 15, na kifungo cha maisha ikiwa mtoto ana miaka 11 au chini yake. Sheria hiyo haikumpa baba wa mtoto, wala mchungaji, wala mzee wa ukoo uwezo wa kuiondoa kesi ya namna hii. Basi mzee anayeketi kuimaliza chini ya mti amechukua kazi ambayo si yake.

Najua maswali mliyo nayo, maana nimeyasikia mara nyingi. Wako wanaosema, “Je, tumwaibishe mtu wa Mungu kwa neno la mtoto?” Neno la mtoto halimfungi mtu kabla ya kupimwa. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu mahakama, katika makosa ya kujamiiana, kutegemea ushahidi wa aliyedhulumiwa peke yake, ikiwa hakimu ameridhika kwamba anasema kweli, na hakimu ni lazima aziandike sababu zake. Kwa hiyo neno la mtoto lina uzito, na mshtakiwa naye ana kinga. Asiye na hatia anafaidika kwa uchunguzi kuliko kwa minong’ono, maana minong’ono haina siku ya kumwachilia mtu huru.

Wengine husema, “Dini yatufundisha kusamehe.” Ni kweli. Lakini mwenye kusamehe ni yule aliyekosewa, kwa wakati wake, na mtoto hawezi kudaiwa msamaha kama mtu adaiwavyo deni. Tena aliyesamehewa hakuahidiwa kwamba atarudishiwa darasa la watoto.

Na wako wanaosema kimya kimya jambo lililo gumu kuliko yote: “Mtu huyu ndiye anayetulipia karo. Akienda gerezani, tutakula nini?” Hapa, Wanachama wenzangu, simlaumu mama mjane asemaye hivyo. Ikiwa hana nauli ya kufika hospitali leo, na kurudi mahakamani mara tano au sita, ukimya wake tumeununua sisi kwa kumwacha peke yake. Kesi nzuri yaweza kufa kwa ajili ya nauli. Na kazi ya kusaidia nauli ndiyo hasa kazi ya chama cha ustawi.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naweka mbele ya Mkutano huu maombi manne, nawasihi yapigiwe kura leo, yasiahirishwe hadi mwaka ujao.

La kwanza, Chama kichague wanachama wawili, na mmoja wao awe mwanamke, ambao kila mtu atajua kwamba wanaweza kupokea habari za mtoto anayeumizwa na kumsindikiza kwenye hospitali, kwa polisi na kwa Afisa wa Watoto. Hao wawili wasiwe wachungaji wala wazee wa kanisa.

La pili, sehemu ya mfuko wa misaada itengwe kwa nauli, chakula na malazi ya mtoto na mlezi wake wakati wa matibabu na kesi, nayo itolewe bila kungoja kikao cha mwezi.

La tatu, mzee au ofisa yeyote wa Chama asiketi kamwe, kwa jina la Chama, kusuluhisha jambo la kudhulumiwa kwa mtoto, na atakayefanya hivyo aondolewe katika cheo chake.

La nne, kila mwanachama aliombe kanisa lake lishike kanuni chache zisizogharimu kitu: watu wazima wawili kila mahali palipo na watoto, milango iachwe wazi wakati wa mafundisho, mtoto asilale nyumbani kwa kiongozi wa kanisa bila mzazi wake, na mgeni ajaye kufundisha watoto aulizwe habari zake kule alikotoka, kwa kinywa na kwa maandishi.

Jambo la mwisho ni juu ya yale yafuatayo baada ya neno kufikishwa. Aghalabu kanisa hugawanyika, na wengi humwendea mkubwa kumpa pole, huku nyumba ya mtoto ikisusiwa kama yenye ugonjwa. Mama hukosa mtu wa kukaa naye katika benchi siku ya Jumapili. Tusikubali. Jumapili hiyo na twende tuketi kando yake. Mtoto aalikwe kuimba na wenzake kama zamani, na shuleni asitajwe. Hayo hayahitaji sheria wala fedha, nayo humwonyesha mtoto kwamba alipofumbua kinywa chake hakuipoteza jamaa yake yote.

Wazee wetu husema, kikulacho ki nguoni mwako. Tukiona doa katika nguo, tuifue. Kanisa litakalowalinda watoto wake litaheshimiwa nao watakapokuwa wakubwa, na chama kitakachosimama na mwanachama siku ya aibu kitapata wanachama siku zote.

Maombi yale manne nayakabidhi mikononi mwa Mkutano.